Kwa Nini Wageni wa Ndiva ya Ikange Huizunguka Pekupeku

Vueni viatu kwanza. Vikapu viwekeni hapo kwenye majani, na hiyo spika yenu izimeni, mtaiwasha baadaye. Wewe wa raba nyeupe, nimeona ulivyonitazama, na mimi hasira zangu ziko karibu. Kidogo tu ningekurudisha ulikotoka. Lakini umeuliza, na swali lako ni la haki. Umeuliza kwa nini mtu aliyepanda kilima hiki chote kuja kuogelea na kula chakula chake kando ya maji aambiwe kwanza aizunguke ndiva pekupeku, ndipo aruhusiwe kukaa. Mwenzako naye ameuliza kwa nini ndiva yetu ina umbo la haragwe, wakati nyingine mlizozitembelea katika milima hii ni za mviringo. Maswali ni mawili, jibu ni moja. Nitalisema kama nilivyolipokea, bila kulipaka asali.

Ulikuwapo wakati ambapo Ikange haikuwa na maji yaliyotulia. Chemchemi zilikuwa juu kabisa, msituni, na maji yake yalipita hapa mbio kama mtu anayekimbia mvua, yakaenda kupotelea nyikani kule chini ambako hayakumnufaisha mtu. Mahindi yalikauka huku watu wakiyasikia maji yakipita. Ndipo koo nne za mlima huu zikakubaliana kuyasimamisha. Upande wa juu kilima chenyewe kilikuwa ukuta. Upande wa chini ilibidi ukuta ujengwe, na watu wale hawakuwa na saruji wala nondo. Walikuwa na udongo wa mfinyanzi, na walikuwa na miguu.

Walimwaga udongo tabaka moja, wakaukanyaga mpaka ukalia chini ya visigino kama ngozi ya ngoma. Wakamwaga tabaka la pili, wakakanyaga. Wazee walikanyaga, wenye mimba walikanyaga, ng'ombe walipitishwa juu yake huku na huku. Kazi hiyo ilikula kiangazi kizima. Mvua zilipokuja, maji yaliingia, yakagonga ukuta, yakakaa. Hilo bwawa la mikono ndilo tunaloliita ndiva, na hii ndiyo ndiva yenyewe mnayoiona.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Usiku maji yanajaa, asubuhi mlinzi wa maji anang'oa kizibo, maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani. Mlinzi alikuwa na pembe ya tandala. Akipuliza mara moja, ni zamu ya mashamba ya juu. Akipuliza mara mbili, ni zamu ya mashamba ya chini. Kila siku ya tano kizibo hakikuguswa. Siku hiyo watu walisema ndiva imelala, na siku hiyo mlima wote ulipanda kuja kuitembelea.

Walikuja na makande ndani ya vyungu na ndizi zilizochomwa. Vijana waliogelea, wakashindana nani atazama muda mrefu zaidi. Wasichana walicheza ngoma juu ya ukuta kwa mstari mmoja mrefu, wanaenda wanarudi. Wachumba waliizunguka ndiva polepole, mzunguko baada ya mzunguko, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo mvulana na binti wangeweza kutembea pamoja mbele ya watu bila mtu kuuliza. Hata watu wa nyikani walipanda, na samaki wao wakavu na chumvi yao, wakaja kupoza miili iliyopigwa na jua. Hakuna aliyesema ni kazi. Ilikuwa siku ya kucheza.

Sasa, alikuwapo mtu aitwaye Mrindoko. Alipewa pembe ya ulinzi katika mwaka ambao mvua zilikuwa haba. Msimkasirikie kabla ya wakati. Hakuwa mwizi wala mpenda rushwa. Hakumpa nduguye maji hata kidogo zaidi ya zamu yake, na kaka yake mwenyewe aliwahi kumnunia mwaka mzima kwa jambo hilo. Alipanda huku kila alfajiri, akachoma kijiti chake chenye alama majini, akatazama maji yamefika wapi. Mazao ya watu wote alikuwa ameyabeba kichwani mwake, na mtu aliyebeba kitu cha watu wote hulala vibaya.

Kijiti kilimwonyesha jambo. Kila baada ya siku ya tano, maji yalikuwa yamepungua upana wa kidole kimoja. Alitazama mara ya pili, na ya tatu. Kidole kimoja, kila mara. Akaita mkutano, hapohapo mlipoweka vikapu vyenu.

"Maji haya ni ya mashamba," alisema. "Kila mtoto anayetoka humu anaondoka na maji kwenye nywele zake, na kila nguo inaondoka na maji yake. Kwa mwaka mzima, mnajua ni shamba la ukubwa gani tunalolivaa na kwenda nalo nyumbani?"

Shangazi yake, Bi Namvumo, alikuwa amekaa mbele kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alikuwa mmoja wa wachache waliobaki kati ya wale walioukanyaga ukuta ule. Aliukanyaga akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza.

"Mrindoko mwanangu," alisema, "wewe nawe ukishanawa uso huwa unakuja kuyarudisha maji ndivani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Mrindoko hakucheka. Kwa mtu wa namna yake kicheko kile kilikuwa kama kibao mbele za watu, na nadhani, kama si kicheko kile, angekubali kuzungumza zaidi. Alisubiri wamalize.

"Shangazi, cheka," alisema. "Mahindi yakikauka hayatacheka."

"Sikatai maneno yako. Ninachosema, ndiva hii haijawahi kukaa peke yake. Tangu tuijenge ina watu juu yake. Sijui itakuwaje ikiachwa."

"Itakuwa na maji, shangazi. Ndiyo itakavyokuwa."

Mwaka ulikuwa wa njaa, na njaa ilikuwa upande wa Mrindoko. Koo tatu zikamkubalia, ya nne ikanyamaza. Akakata matawi ya miiba, akayafunga kwa kamba za mkonge, akaizungushia ndiva uzio uliomzidi mtu kimo, akabakiza mwanya mmoja mwembamba wa kupita yeye. Siku ya tano iliyofuata alikuja mtu wa nyikani, jina lake Lukio, na mzigo wake wa chumvi na wanawe wawili wakubwa. Akasimama mbele ya uzio akihema.

"Maji yako wapi?"

"Ndani," akajibu Mrindoko.

"Na mimi nimepanda mlima huu wote kuja kutazama miiba? Miiba si ninayo kwetu, tena bila kupanda?"

Akageuza mzigo wake akashuka, na chumvi ya watu wa Ikange ikashuka naye.

Sitasema uongo ili hadithi yangu ipendeze: mwaka ule watu walishiba. Kijiti kilionyesha maji yamepanda vidole vinne. Mahindi ya mashamba ya chini, ambayo kila mwaka yalikuwa yakipata maji ya mwisho, yalibeba vizuri. Watu waliomcheka Mrindoko walimpelekea ndizi. Alizipokea, akawagawia majirani, akarudi kwenye kijiti chake. Laiti uzio ule ungeleta hasara mwaka wa kwanza, ungeng'olewa mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili majani yaliota juu ya ukuta. Hapo zamani hapakuwahi kuota hata unyasi mmoja. Palikuwa pekundu, pagumu, panang'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Sasa palikuwa na kijani kizuri kinachopepea. Mrindoko alipendezwa. Alisema ndiva imepata blanketi.

Lakini udongo wa mfinyanzi, mgeni wangu, si jiwe. Ukikanyagwa hushikana. Ukiachwa hukauka juu, hupasuka, na kila ufa hukaribisha wa kwake. Mizizi iliingia. Kaa wa mtoni walichimba kutoka upande wa maji. Fuko walichimba kutoka upande wa shamba. Na yote hayo yalikuwa chini ya blanketi lile la kijani, ambapo jicho halifiki. Mguu ndio ungeyajua, na mguu ulikuwa nje ya uzio.

Mrindoko alikuwa na binti, Naghenjwa, aliyeolewa papo hapo Ikange. Nyumba yake ilikuwa hatua kama mia moja chini ya ukuta, mahali pazuri, penye migomba. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana, na Mrindoko alikuwa akishuka kila jioni kumtazama mjukuu, akimbeba kwa mikono ileile iliyofunga miiba. Katika kiangazi cha mwaka wa tatu Naghenjwa alipanda kumwona baba yake, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje?"

"Hatujambo. Baba, nyuma ya nyumba yangu pametota. Siku ya tatu sasa. Na mvua hakuna."

"Ni umande."

"Umande wa saa saba mchana, baba?"

Mrindoko akaingia kwenye mwanya wake, akachoma kijiti, akatoka na uso uliotulia. "Maji yako pale pale yalipokuwa jana. Ukuta ungekuwa unavuja, yangeshuka."

Hapo ndipo kosa lake lote lilipokuwa. Usiku uliotangulia, na usiku wa kabla yake, chemchemi zilikuwa zikirudisha kile ambacho ukuta ulikuwa ukikitoa. Kijiti hakikudanganya. Kilijibu kile tu kilichoulizwa. Mrindoko alikuwa akiuliza maji ni mengi kiasi gani, na hakuwahi kuuliza yameshikwa na nini.

Naghenjwa alimpelekea habari Bi Namvumo, na bibi yule akapanda mwenyewe na bakora yake, akipumzika kila baada ya hatua kumi.

"Fungua uzio siku moja tu," alisema. "Watu wapite juu ya ukuta, washuke. Wasioge. Hata mkono wasichovye."

"Nikifungua leo, shangazi, kesho nitamfukuza nani?"

"Mwanangu, nakuomba. Sikucheki leo."

"Najua hunicheki. Lakini nimewapa watu neno langu kwamba maji haya hayatachezewa, na neno langu silivunji kwa sababu ya tope la nyuma ya nyumba."

Alikuwa mtu wa neno lake. Namheshimu kwa hilo, na kwa hilohilo ningemtikisa mabega kama ningekuwapo.

Masika ya mwaka ule yalianza kwa utulivu, kisha yakasahau kukoma. Siku nane mvua haikupumzika. Kizibo kilikuwa mahali pake, kwa kuwa hakuna anayehitaji maji ya mfereji shamba likiwa linaogelea. Asubuhi ya siku ya tisa Mrindoko alipanda kama kawaida, jani la mgomba kichwani na pembe yake begani. Akapita kwenye mwanya, akachoma kijiti. Maji yalikuwa juu ya alama ya mwisho. Wanasema alitabasamu. Miaka mitatu alikuwa akiingojea alama ile.

Akageuka aondoke, na mguu wake wa kulia ukazama ukutani mpaka gotini.

Akauvuta. Tundu likajaa maji. Akapiga magoti, akasukuma majani pembeni kwa mikono yote miwili, na chini ya blanketi lile hapakuwa na ukuta tena. Palikuwa na uji. Akaweka sikio, akasikia maji yakitembea ndani ya udongo. Akakimbilia kizibo, akaking'oa, maji yakatoka kwa kishindo, lakini yaliyotoka yalikuwa machache kuliko yaliyokuwa yakiingia. Akatazama chini. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye paa la Naghenjwa, moshi wa asubuhi, wa mtu anayebandika chungu. Kati ya moshi ule na maji yote ya Ikange palikuwa na majani tu.

Akachukua pembe, akapuliza.

Nyumbani watu walikuwa wameketi kuzunguka moto. Pembe ililia mara moja. Ikalia mara ya pili. Ikalia ya tatu.

"Hiyo ni zamu ya nani?" mume mmoja alimuuliza mkewe.

"Ya vyura," akajibu mke. "Mrindoko anawagawia vyura."

Wakacheka, wakasogeza kuni. Na katika nyumba ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Kwa miaka yao yote pembe ile ilikuwa na maana moja tu, maji yanagawiwa, na ni mwehu gani anayetoka nje kwenye mvua kwenda kupokea maji? Walimhurumia Mrindoko, wakasema ulinzi umemzidi akili. Hakuna aliyenyanyuka.

Bi Namvumo peke yake alikuwa akihesabu. Hakusikia vizuri, lakini pembe aliisikia. Alikunja kidole kwa kila mlio, na vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaingia mkono wa pili. "Sita," alisema. "Saba. Nane. Huyu mtoto hajakosea hesabu tangu azaliwe." Akasimama. "Huyu hagawi maji. Huyu anaita watu."

Akatoka bila kujifunika, akapiga milango kwa bakora.

"Tokeni! Miaka mitatu mmenipigia kelele mnataka kupanda ndivani, leo mmeitwa mnaota moto? Tokeni! Wewe, acha hicho kiko! Panga lako liko wapi?"

Alipofika kwa Naghenjwa alikuta chungu cha makande kinaanza kutokota.

"Mfunge mtoto mgongoni, tupande."

"Bibi, kwenye mvua hii?"

"Mvua haitakuua. Acha chungu. Acha, nimesema!"

Wakapanda mlima wakiteleza, wakishikana nguo. Walipofika juu walikuta uzio. Mrindoko alikuwa ameufunga kwa moyo wake wote, fundo juu ya fundo, na sasa alikuwa upande wa ndani akiung'oa kwa mikono, na mikono ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Walioko nje wakakata kwa mapanga. Uwazi ulipopatikana, Mrindoko aliwatazama watu wa koo nne waliokuwa wamelowa mbele yake, na hakutafuta maneno ya kujisitiri.

"Nilikosea," alisema. "Ingieni. Kanyageni."

Wakaingia. Mwanzoni walikanyaga ovyo, kila mtu na hofu yake, na ukuta ulikuwa ukicheza chini yao kama tumbo la ng'ombe. Ndipo Bi Namvumo akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa wajenzi, ambao vijana walikuwa wameujua kama wimbo wa ngoma ya siku ya tano, na kwa miaka mitatu hawakuwa wameuimba:

Kanyaga, udongo ukae.
Kanyaga, maji yakae.
Aliyechoka amshike mwenzake.
Kanyaga, tukae.

Wakapanga mstari, mabega kwa mabega, wanaenda wanarudi, kama wasichana walivyokuwa wakicheza. Na wengi waliielewa ngoma ile siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwa nyayo zao. Wakang'oa majani, wakaziba matundu ya fuko kwa udongo wa mfinyanzi, wakashindilia. Wachumba wa zamani walikanyaga pale walipokuwa wakitembea. Hadi jua la adhuhuri, ambalo hawakuliona, sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa imeanza kulia chini ya visigino kama inavyotakiwa.

Lakini palikuwa na mahali pamoja, juu ya nyumba ya Naghenjwa, ambapo fuko walikuwa wamejenga mji. Hapo kila walipokanyaga palizama. Mrindoko aliona kwamba hapataponyeka. Akaamuru ukuta mpya ujengwe nyuma yake, kwa ndani, ukizunguka pale palipooza kama upinde. Matawi yote ya uzio yakaburutwa, yakalazwa chini yawe mifupa, udongo wa mfinyanzi ukamwagwa juu yake, na watu wakapanda kukanyaga. Ila ukuta wa nje ulipaswa kusimama mpaka ule wa ndani ukomae. Mrindoko hakumtuma mtu. Alishuka upande wa chini, akarundika mawe na matawi, kisha akageuka, akaegemeza mgongo wake ukutani, akakita miguu.

Naghenjwa alikuwa juu yake, akikanyaga na wengine, mtoto mgongoni.

"Baba, panda!"

"Nikipanda, huu unashuka. Mko wangapi huko juu?"

"Wote, baba. Nyumba zote ziko wazi."

"Na mtoto?"

"Ninaye hapa."

Wanasema alifumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi.

"Basi kanyaga, mwanangu. Usinitazame mimi. Kanyaga!"

Akakanyaga. Alikuwa akilia, na alikanyaga. Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu, kisha likashuka hadi kwenye nyayo, kisha likaanza kujibu. Upinde ulikuwa umeshikana kwa shida, udongo wake bado mbichi, pale ukuta wa nje ulipoanguka. Ulianguka mara moja, bila kelele nyingi, na Mrindoko akaenda nao. Maji yaliyokuwa kati ya kuta mbili yakashuka, yakachukua migomba, yakachukua nyumba ya Naghenjwa pamoja na chungu chake cha makande motoni. Ukuta wa ndani ukatikisika chini ya miguu ya watu mia na zaidi. Hakuna aliyekimbia. Bi Namvumo hakuacha kuimba. Ukuta ukakaa.

Siku ya tatu mvua ilikoma, wakamkuta. Hakuwa mbali, udongo aliousukuma kwa mgongo ndio uliomfunika. Wakakubaliana wasimpeleke makaburini. Wakamzika palepale, kwenye mkunjo, mbele ya upinde uliojengwa kwa uzio wake. Miezi ilipopita vijana wenye nguvu walisema ukuta unyooshwe, ndiva irudi kuwa ya mviringo kama zamani. Bi Namvumo alikuwa hai bado.

"Acheni," alisema. "Pale ndipo mgongo wake ulipokuwa."

Wakaacha. Ndiyo sababu mnaona maji yameingia ndani upande ule, kama tumbo la haragwe.

Lukio wa nyikani alipopata habari alipanda na wanawe, na mara hii hakubeba chumvi ya kubadilishana. Alivua makubazi yake, akaizunguka ndiva mara moja akikanyaga kwa uzito, ndipo akakaa chini, akapewa chakula. Hakuambiwa na mtu. Aliona mwenyewe kwamba mgeni anayekuja kufurahia maji anaweza kuleta miguu.

Na kuanzia masika yale mpaka leo hii mliyokuja ninyi na spika yenu, ndiva ya Ikange haijawahi kuwa na uzio, hata wa kamba. Ofisi fulani ilitaka kuuweka, miaka si mingi iliyopita, na kibao cha onyo juu yake. Tuliwapeleka pale kwenye mkunjo, tukawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi, wakapakia nguzo zao. Kila siku ya tano kizibo hakiguswi, mlima wote unapanda, vijana wanaogelea, ngoma inachezwa ukutani. Na mgeni, awe wa nyikani au wa mjini, awe na gari au na miguu tu, huvua viatu na kuizunguka ndiva mara moja kabla hajakaa. Hatumtozi kitu kingine. Kiatu hakisikii udongo. Mguu mtupu ukikutana na mahali laini unajua, na ukijua utatuambia, na sisi tutaleta udongo wa mfinyanzi.

Haya. Anzeni upande huu wa kilima, mshuke hivyo. Mtapita juu ya mkunjo, na hapo nimeona wageni wengi, wakishasikia habari hii, wanaanza kunyata kama watu walioingia kwenye chumba cha mgonjwa. Msifanye hivyo. Mkifika juu ya Mrindoko, kanyageni kwa nguvu zenu zote. Msimwonee huruma. Ndicho alichokiomba.